Wanafunzi wa Nani?

Mwaka uliopita, mahindi yakiwa bado shambani, kijana mmoja wa ushirika wetu hapa Kizwite alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki. Kwao ni bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ukishashuka Lyamba lya Mfipa. Wazee wawili na akina mama wa kwaya walichanga nauli, wakamfuata ili wasafiri naye. Walimkuta ameketi kitandani, simu mkononi. Akawaamkia kwa heshima, kisha akasema, "Wazee wangu, mimi siendi. Baba yangu wa kiroho amenikataza."

Baba huyo wa kiroho ni mwalimu aliye mbali, ambaye kijana hajawahi kuonana naye uso kwa uso. Alijiunga na darasa lake la uanafunzi kwa njia ya simu. Kila asubuhi alipokea somo, na kila jioni alitoa taarifa: amefunga kwa saa ngapi, amepata shilingi ngapi kwenye bodaboda, amezungumza na nani. Alifundishwa kwamba ukoo wake una madhabahu, na kwamba akikanyaga penye kaburi la baba yake atafungwa tena na laana aliyokwisha kufunguliwa. Wazee walipomsihi, aliwajibu kwa Maandiko, Luka 9:60, pale Yesu alipomwambia mtu aliyetaka kwanza kumzika baba yake kwamba awaachie wafu kazi ya kuwazika wafu wao.

Wazee wetu hawakuwa na jibu. Walishuka bondeni bila yeye. Mama mfiwa aliwapokea, akatazama nyuma yao, akauliza neno moja tu: "Mwanangu yuko wapi?"

Tunaandika kwa sababu ya swali la mama yule, na kwa sababu ya kunyamaza kwetu siku ile. Bwana ametuagiza tuwafanye mataifa yote kuwa wanafunzi (Mathayo 28:19). Siku hizi mafundisho ya uanafunzi yamekuwa mengi, redioni, katika simu na katika mikutano. Mengine yamewajenga watu. Mengine yametuletea mambo kama haya. Tutayapimaje?

Tuanze na andiko lile lile, maana kijana hakulitunga. Yesu alilisema kweli, wala hatuna ruhusa ya kulipunguza makali. Mtu anayedhani atamfuata Kristo bila jambo lolote kuguswa nyumbani kwake hajasoma Luka 14:26. Lakini tukisoma Luka 9 kuanzia mstari wa 57 mpaka wa 62 tunaona mambo mawili. Kwanza, anayeita ni Yesu mwenyewe, na anaita watu wamfuate yeye. Pili, mtu yule anatumwa aende akautangaze ufalme wa Mungu. Kijana wetu hakutumwa kwenda kokote. Aliambiwa abaki chumbani, na sababu aliyopewa haikuwa ufalme bali hofu. Yesu hakumwambia mtu yeyote kwamba kaburi la baba yake lina nguvu juu yake. Pale Naini alilikaribia jeneza akaligusa mbele ya watu wote (Luka 7:14).

Tena Bwana huyu huyu ndiye aliyewakemea waliotumia jina la Mungu kama kisingizio cha kutowatunza wazazi. Walitamka neno Korbani, nao wakaona wamemaliza wajibu wao (Marko 7:9-13). Msalabani, katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda (Yohana 19:26-27). Na Yusufu, aliyekuwa mkubwa katika Misri, aliomba ruhusa kwa Farao akasafiri mpaka Kanaani kumzika baba yake (Mwanzo 50). Neno gumu la Yesu halikutolewa ili mwalimu fulani apate kumtenga mtoto na mama yake.

Fundisho hili la baba wa kiroho anayeamua kila jambo si geni duniani. Katika miaka ya 1970, huko Fort Lauderdale nchini Marekani, walimu watano wenye vipawa, miongoni mwao Derek Prince na Bob Mumford, walifundisha kwamba kila Mkristo anahitaji mchungaji wake binafsi wa kumfunika. Nia yao ilikuwa njema. Waliona watu wengi wameokoka lakini hawakui. Ila baada ya muda yakasikika malalamiko kwamba waumini hawakuweza kuoa, kuhama wala kubadili kazi bila idhini ya mchungaji huyo. Ubishi mkubwa ulizuka mwaka 1975, Prince alijitenga na wenzake katika miaka ya 1980, na mwaka 1986 umoja wao ukavunjika. Baadaye Mumford aliomba msamaha hadharani. Tunalitaja hili kwa sababu neno "kifuniko" linalovuma kwetu leo kama ufunuo mpya limekwisha kujaribiwa mahali pengine, na mmoja wa waliolifundisha alilijutia mbele ya watu.

Mtu atatuuliza: Je, Paulo hakujiita baba wa Wakorintho (1 Wakorintho 4:15)? Je, Waebrania 13:17 haitufundishi kuwatii viongozi? Ni kweli, na kanisa lisilo na utii ni soko tu. Lakini Paulo yule yule aliwataka wamfuate kwa kadiri anavyomfuata Kristo (1 Wakorintho 11:1), na aliwaambia wazi kwamba yeye hatawali imani yao, bali anatenda kazi pamoja nao kwa ajili ya furaha yao (2 Wakorintho 1:24). Wakorintho walipoanza kujigawa, huyu wa Paulo na huyu wa Apolo, hakuwahesabu waliochagua jina lake. Aliumia. Basi ubaba wa kiroho upo katika Maandiko, lakini una mpaka, na mpaka wake ni Kristo.

Kutokana na hayo tunapendekeza vipimo vitatu ambavyo mshirika yeyote anaweza kuvitumia.

Cha kwanza: fundisho linamfikisha mtu kwa nani? Yohana Mbatizaji alikuwa na wanafunzi wake. Siku moja alimwonyesha Yesu, na wawili kati yao wakamwacha wakamfuata Yesu (Yohana 1:35-37). Hakuwashika shati. Mwalimu wa kweli hufurahi mwanafunzi wake anapoweza kuomba, kusoma na kuamua mbele za Mungu bila kumpigia simu.

Cha pili: je, mwalimu anakubali kupimwa? Watu wa Beroya walichunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wakasifiwa kwa hilo (Matendo 17:11). Petro, mtume, alikemewa na Paulo mbele ya watu (Wagalatia 2:11-14). Mahali ambapo kuuliza kunaitwa uasi, tuogope. Mwaka 2023 jirani zetu wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kumwona Yesu. Hatusemi kwamba kila mwalimu wa simu ni wa Shakahola. Tunasema kwamba njia ya kufika huko huanza pale mtu anapokatazwa kuuliza, na pale ndugu zake wanapoitwa maadui.

Cha tatu: je, mwalimu anatoa au anachukua? Paulo alipowaaga wazee wa Efeso aliwaonya kwamba watatokea watu wa kuwavuta wanafunzi wawafuate wao. Katika maagano hayo hayo aliwaonyesha mikono yake: hakutamani fedha wala nguo ya mtu, na mikono ile ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake (Matendo 20:30-34).

Hata hivyo, ndugu wapendwa, haifai tumalize kwa kumnyoshea kidole mwalimu aliye mbali. Kijana huyu alilelewa kwetu. Tulimfundisha kwa majuma machache, akakariri majibu, akabatizwa, akapewa sare ya kwaya na bahasha ya ahadi. Baada ya hapo hakuna kati yetu aliyemwuliza kama anaomba, au kama usiku anaogopa nini. Mwalimu yule alimwuliza kila jioni. Aliuliza kwa njia mbaya, lakini aliuliza. Sisi tulimhesabu tu.

Wazee wa imani katika nchi hii hawakufanya haraka hivyo. Wamisionari Wakatoliki waliofika Karema mwaka 1885, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa na agizo la Kardinali Lavigerie kwamba mtu afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mwaka 1889 alifika huko Adriano Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa na kusomea utabibu Malta. Alikaa Karema, tabibu na katekista, mpaka alipofariki mwaka 1956. Watu walimjua, naye aliwajua. Walijifunza Kristo wakiyaona maisha yake karibu, ugonjwani na misibani.

Sisi Wafipa tunaujua mwendo huo kwa jembe. Mvua zinapokaribia kuisha tunafukia nyasi katika matuta ya intumba, tunayaacha yaoze, na msimu unaofuata tunayatawanya ndipo tupande ulezi. Hakuna anayeyafukua kila jioni kuona kama yameoza. Lakini pia hakuna anayeliacha shamba moja kwa moja. Uanafunzi unataka mambo yote mawili, subira na kurudi.

Mwezi wa saba, katika baridi ile, mmoja wa wazee waliokosa jibu alimwomba kijana ampeleke bondeni kwa bodaboda yake, akamlipa nauli kamili. Njiani hakumhubiri. Walipofika, mama alimpikia mwanawe, wakala pamoja. Kaburini kijana hakukaribia. Alisimama mbali chini ya mti, na mzee akasimama naye.

Bado hajarudi ibadani. Lakini kila Jumatano, baada ya kusoma Neno, mzee yule hupita kwake wakaongea, naye kijana ameanza kuuliza maswali. Tunaomba kwamba siku moja atatembea mwenyewe mpaka kaburini kwa baba yake, bila hofu, kama mtu aliye huru katika Kristo. Nasi tunaomba Bwana atusamehe, na atufundishe kuwaendea watoto wetu kabla simu ya msiba haijalia.