Mkungu Uliouzwa Mara Tatu



Asubuhi hii nauwaza mnada wa kanisani. Mama hana fedha ya kuchangia ujenzi, analeta mkungu wa ndizi. Mnunuzi analipa kupita bei ya sokoni, kisha anaurudisha mezani unadiwe tena. Mkungu mmoja huweza kuuzwa hata mara tatu, na mabati yakapatikana. Yule mama hakuwa na shilingi, lakini fedha yote ile imeanzia mgongoni kwake. Hilo hunigusa sana.

Wapo pia wanaochangia kwa nguvu zao: tangu 2002 watu wamekuwa wakipanda Mlima Kilimanjaro katika Kili Challenge, kuchangisha fedha za kupambana na Ukimwi. Wao wametoa miguu yao. Sisi huku Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa, tuna vya kutoa pia: tuna debe la mpunga, tuna kakao, tuna vyungu vya mama zetu Wakisi vinavyofika sokoni Matema kwa mtumbwi.

Na masika, mto Kiwira au Mbaka ukifurika, kijana ajuaye kupiga kasia anaweza kumvusha mjamzito kabla hata michango haijaanza kuitishwa. Kijana huyo pengine ananisikiliza sasa hivi. Kaka, asante.