Macho Hayana Pazia, Je, Mkono?

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Msemo huu hutajwa mara nyingi kumtetea mtu aliyetazama jambo lisilomhusu: jicho limeumbwa wazi, nalo likiona halina kosa. Lakini yuko mtu ambaye jicho lake halikomei katika kuona. Husafiri na daftari la kuchorea na kalamu ya risasi, hushuka garini penye mandhari ya kupendeza, huketi kivulini, na kile ambacho abiria wenzake wamekipita yeye hukitia katika karatasi na kuondoka nacho. Je, mtu huyu naye atetewe kwa msemo huo huo? Ikiwa macho hayana pazia, mkono nao hauna?

Mbele ya majabali swali hili halina uzito. Mji wa Masasi umezungukwa na vilima vya mawe vilivyosimama peke yake juu ya ardhi tambarare, Mkomaindo na Mtandi vikiwa miongoni mwake, na umbo la kila kimoja humwita mchoraji kabla hajatua mzigo. Kutoka hapo, njia ya Newala hupanda uwanda wa juu wa Wamakonde hadi ukingoni, mahali wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na jicho likateremka hadi bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Mchoraji na akae pale tangu alfajiri hadi magharibi, hakuna atakayedhulumiwa. Jabali halina faragha ya kuvunjwa, na bonde halioni haya.

Mizani hubadilika binadamu anapoingia katika picha. Uwanda ule wa juu una shida ya maji ya tangu zamani, kwa sababu udongo wake wa kichanga hunywa mvua, na chemchemi hutokea chini, mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wameshuka ukingo ule na kuupanda tena wakiwa na maji vichwani. Mchoro wa dakika tano utaonyesha shingo iliyonyooka, mkono uliopindwa kwa madaha, na chombo kilichotulia kichwani; watazamaji watausifu. Mteremko hautaonekana, wala saa zilizotumika njiani. Uchovu wa mtu utakuwa umegeuzwa pambo la daftari la mtu mwingine, na mwenye uchovu hatajua kuwa amepambia.

Watetezi wa kalamu ya risasi wana hoja yao, nayo ni nzito. Husema kuwa kalamu ina adabu kuliko kamera. Mpiga picha huweza kuiba sura kwa nukta moja na kutoweka. Mchoraji hana budi kukaa. Akikaa huonekana, na akionekana huulizwa. Watoto humzunguka, wazee humwamkua, mwenye duka humtaka aseme anachokitafuta. Mtazamaji naye huwa ametazamwa, na yule anayechorwa huweza kuja, kuinama juu ya karatasi, na kusema kuwa pua si yake. Kamera ya zamani haikumpa mtu nafasi hiyo.

Hoja hii ni njema, lakini Masasi na Newala zina kisa cha kuipima. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, aliwasili kusini kuchunguza maisha ya wenyeji. Alipita Masasi, alikaa Newala, na pia aliteremka hadi Ruvuma. Alikuwa na kamera ya picha, mashine ya filamu, na fonografu ya kunasia nyimbo. Pamoja na hayo alifanya jambo ambalo wasafiri wa zama zake hawakulizoea: aliwapa wapagazi wake na wenyeji karatasi na kalamu za risasi, akawaambia wachore. Bakari, Mswahili, alichora kwa kumbukumbu meli iitwayo Rufiji. Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi wa Kinyamwezi, alichora msafara wenyewe ukiwa njiani. Michoro hiyo ilitokea katika kitabu cha Weule cha mwaka 1908, na katika tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya Alice Werner mwaka 1909, pamoja na majina ya waliochora.

Hapana shaka kuwa hapo lilitendeka jambo kubwa. Mpagazi, ambaye katika vitabu vingi vya safari ni mgongo tu chini ya mzigo, alipewa nafasi ya kuutazama msafara na kuueleza. Aliyezoea kutazamwa akawa mtazamaji. Lakini inafaa kuuliza pia karatasi zile zilikwenda wapi. Zilikwenda Ujerumani, kama zilivyokwenda picha na nyimbo, kuwa ushahidi wa namna "wao" wanavyoona. Alichokitoa kwa mkono wa kulia, mtaalamu alikipokea kwa mkono wa kushoto. Pesa Mbili alishika kalamu, ila daftari halikuwa lake.

Tena kuna suala la idhini. Weule aliruhusiwa kuhudhuria sehemu za unyago na kuzipiga picha, na leo mtu aweza kusema kuwa ruhusa iliombwa ikatolewa. Aliyeomba, hata hivyo, alikuwa mgeni wa serikali anayefuatana na askari, katika nchi iliyokuwa ikitoka katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kuiteketeza misheni ya Masasi mwaka huo huo. Ndiyo inayotamkwa mbele ya bunduki haina uzito sawa na ndiyo inayotamkwa barazani. Unyago, kwa asili yake, ni jambo ambalo wenyewe wamelitundikia pazia. Macho ya mgeni hayana pazia, lakini nyumba ya mwenyeji inalo, na pazia la mwenyeji ndilo linalopaswa kusikilizwa.

Mchoraji wa leo haji na askari. Huenda ni mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, au mtu wa visiwani aliyekwenda kuiona nchi ambayo mwaka 1876 Askofu Steere aliwapeleka watumwa walioachwa huru, wakitoka Unguja wakidhani wanarudi kwao upande wa Nyasa, wakaishia kujenga Masasi. Hata hivyo amebeba sehemu ya uwezo ule ule: ana nauli ya kuja na ya kurudi, na ana daftari litakaloondoka wakati aliyechorwa amebaki. Kwa hiyo hawezi kujitetea kwa chombo alichoshika. Kalamu haina uadilifu wake yenyewe. Hukopa ule wa mkono.

Basi nini kinachompasa? Kwanza, asichore mtu ambaye hangeweza kumwonyesha karatasi. Kanuni hii ndogo hukata mengi, kwa kuwa mchoro unaofichwa mwenye sura akipita umekwisha kujihukumu. Pili, akae muda wa kutosha hata ajue mteremko uliopo nyuma ya ndoo. Pengine akishaujua atauchora mteremko. Tatu, pazia likiwapo, alifuate, hata kama anayelishika ni mtoto aliyegeuza uso. Nne, aache kitu. Karatasi moja ikatwe daftarini, ibaki Newala mikononi mwa aliyechorwa, naye aitundike ukutani au awashie moto, apendavyo.

Yapo ya kupinga. Ataambiwa kuwa kwa masharti hayo daftari litarudi na kurasa chache, na huenda mchoro bora wa safari ukabaki kwa mtu asiyejua thamani yake. Ni kweli kwamba kurasa zitapungua. Kuhusu thamani, ni vigumu kumpata aijuaye zaidi kuliko mwenye sura. Pesa Mbili hakuulizwa kama angependa kubaki na msafara aliouchora. Swali hilo halikuhitaji elimu ya makumbusho, wala gharama yoyote. Lilihitaji mtu wa kuliuliza kabla ya sanduku kufungwa.