Nani wa kumsamehe James?

Wapenzi wa Silent Hill walishaimaliza kesi hii zamani: gemu la pili ndilo bora, na la kwanza linaheshimiwa kwa kuwa lilitangulia. Mimi nafundisha dini sekondari hapa Tanga, na yote mawili nimeyacheza sebuleni kwa kaka yangu, mwanawe akinisimamia na kunielekeza vitufe. Nakubali kwamba la pili limetengenezwa kwa ustadi zaidi. Ninachokipinga ni sababu inayotolewa kila mara, kwamba la pili lina kina kwa kuwa ubaya wake unatoka ndani ya mtu, wakati la kwanza ni kisa cha wachawi tu. Katika somo langu sababu hiyo haipiti hivihivi.

Kwa asiyeyajua: Silent Hill ilitolewa na kampuni ya Konami mwaka 1999 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, ikiongozwa na Keiichiro Toyama. Wajapani wamejenga mji wa Kimarekani wa kubuni, ukiwa na shule, hospitali, kanisa na bustani ya michezo, kisha wakautia ukungu usiokwisha. Ukungu wenyewe una asili ya kawaida kabisa. Mashine ile haikuwa na nguvu ya kuchora mtaa mzima hadi mwisho wa upeo, basi wakaufunika. Harry Mason, mwandishi, anapata ajali ya gari akiwa njiani kuelekea huko. Anapozinduka binti yake wa kulea, Cheryl, hayupo. Anaingia mjini kumtafuta. Redio ndogo mfukoni inakwaruza kila zimwi linapokaribia, na king'ora kikilia, kuta zinageuka kutu na sakafu kuwa nyavu za chuma zenye kiza chini yake.

Tunakuja kuelewa polepole kwamba mji umegeuka hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja. Alessa Gillespie, binti wa miaka saba, alichomwa moto na mama yake mzazi, Dahlia, katika ibada ya kumzalisha mungu wao. Hakufa. Akafichwa hospitalini, akiwa si mzima wala si maiti, kwa miaka mingine saba. Kila kinachomkimbiza Harry kimetoka kwenye hofu za mtoto huyo. Mjusi mkubwa unayepambana naye shuleni anatokana na hadithi ya kitabuni, kitabu unachoweza kukisoma humohumo shuleni kama una subira. Mwindaji wa hadithi hiyo alimwua mjusi kwa kumlenga kinywani, na wewe utamwua vivyo hivyo. Mtoto alikisoma akaogopa, ikatosha.

Tangu chuoni tumefundishwa kuiogopa dua ya aliyedhulumiwa, kwamba kati yake na Mwenyezi Mungu hakuna pazia. Sijui kama Toyama na wenzake waliwahi kulisikia fundisho hilo, lakini gemu lao linanifanya nijiulize ingekuwaje kama dua ya mtoto aliyechomwa na mama yake ingepata mikono na miguu, ikatoka kuutembelea mji uliomfumbia macho. Huyo Dahlia anayepita akisema maneno ya dini ndiye mwenye dhambi kubwa kuliko wote, na daktari Kaufmann naye yumo. Hao wachawi ambao wachezaji wanawapuuza ni watu wazima waliokubaliana kwamba mtoto mmoja ateseke kwa faida ya imani yao. Mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha tatu anaweza kunitajia visa vya namna hiyo ambavyo havina mazimwi.

Halafu likaja la pili, mwaka 2001, kwenye PlayStation 2, likiongozwa na Masashi Tsuboyama, hadithi ikaandikwa na Hiroyuki Owaku. Mashine sasa ina nguvu zaidi, lakini ukungu wameubakisha, safari hii kwa kupenda. James Sunderland amepokea barua kutoka kwa mkewe Mary, akimwambia anamsubiri Silent Hill. Mary alikufa kwa maradhi, na James anatuambia imepita miaka mitatu. Tunamwona kwanza kwenye choo cha barabarani, amesimama mbele ya kioo akijitazama, na gemu zima ni hilo. Mji haumtesi kwa hofu za mtu mwingine. Unamtolea zake: manesi wasio na nyuso, miili iliyounganishwa miguu kwa miguu, na yule mnyongaji mwenye kichwa cha piramidi la chuma anayeburura panga lake sakafuni. Kwenye hoteli kando ya ziwa Toluca, chumba namba 312, James anatazama mkanda wa video na kuona alichokuwa amejificha asikione. Maradhi hayakummaliza Mary. Alimziba pumzi kwa mto.

Nilimuuguza mama mkwe wangu mpaka akaenda, na nawakumbuka wanawake jikoni wakimwombea, "Mungu amrahisishie." Kila mmoja wetu alijua dua hiyo inaombwa kwa nia mbili, na hakuna aliyeuliza mwenzake anaiomba kwa ipi. James naye anapofika mwisho anasema kwanza kwamba hakuweza kuvumilia kumwona akiteseka, kisha anajirudi: Mary alisema pia hataki kufa, na yeye alimchukia, alitaka maisha yake yarudi. Sijaona kazi nyingine ya burudani iliyomwacha muuaji aseme nia zake zote mbili bila kumchagulia moja. Hapo nawapa watengenezaji heshima yao.

Na nia ndiyo inayoliendesha gemu hilo mpaka ndani ya mitambo yake. Mapema unapewa kisu alichokuwa nacho msichana mmoja, Angela. Hukitumii kupigana, kinakaa tu kwenye mfuko wako wa vitu. Nilikuwa nakifungua kukiangalia, na mpwa wangu akaniambia:

"Shangazi, usikifungue-fungue hicho kisu."

"Kwani kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Kinaandikwa."

Na kweli kinaandikwa. Gemu linahesabu kimya kimya kama unakitazama kisu, kama unaisoma tena barua ya Mary na kuiangalia picha yake, kama unayatibu majeraha ya James au unamwacha atembee akichechemea, kama unakaa karibu na Maria, yule mwanamke anayefanana na marehemu. Mwishoni, bila kukuuliza chochote, linakupa hatima. James aliyeachwa na majeraha yake huishia ziwani. Nimesomesha habari za Kiraman Katibina, malaika wanaoandika amali zetu, kwa miaka, na sikuwahi kupata mfano wa darasani uliowanyamazisha vijana kama huu wa kisu. La kwanza halina ufundi huo. Linahesabu mambo makubwa mawili tu: je, ulimfuatilia Kaufmann, na je, ulikusanya ile dawa nyekundu iliyomwagika sakafuni hospitalini ukamwokoa nayo askari Cybil? Harry anamsukuma Lisa, nesi anayelia na kuvuja damu baada ya kutambua kwamba naye si hai, anatoka na kuubana mlango, na jambo hilo haliandikwi popote. Mimi liliniuma kuliko mazimwi yote.

(Mtaniuliza mwalimu wa dini anapata wapi muda huu. Kwenye mabanda ya gemu mtaani hamtanikuta, na hata Silent Hill hamtaikuta. Pale watoto wanalipia kwa mechi, ndiyo maana mpira unatawala, na hakuna mwenye banda atakayekuachia televisheni jioni nzima uzunguke peke yako kwenye ukungu. Magemu ya namna hii ni ya ndani ya nyumba, na ya likizo.)

Sasa hoja yangu. Sura ya 75 ya Kurani, Al-Qiyama, inaanza na viapo viwili vilivyofuatana: kiapo cha Siku ya Kiyama, kisha kiapo cha nafsi inayojilaumu. Wafasiri wamesema mengi kuhusu jinsi vilivyowekwa pamoja. Ninachokiona mimi, baada ya kucheza magemu haya, ni kwamba kimoja hakitoshi. Mahakama ya nje inahitajika na mahakama ya ndani inahitajika. Silent Hill ya kwanza ina ile ya nje tu, tena iko mikononi mwa aliyeumizwa, kwa hiyo inapiga ovyo: Cybil na Harry hawakumchoma mtu yeyote. Ya pili ina ile ya ndani tu. Mashabiki wanaiona hiyo kuwa sifa. Mimi naona ndiyo kasoro yake, na ushahidi wangu ni Angela.

Angela Orosco aliumizwa na baba yake kwa namna ambayo sitaiandika hapa, na mama yake akamwambia alistahili. Akamwua baba. Mji unamwadhibu kama unavyomwadhibu James, au zaidi. Tunamkuta mara ya mwisho kwenye ngazi zinazowaka moto. James anashangazwa na joto, na Angela anamjibu kwamba kwake yeye huwa hivyo siku zote. Anaomba arudishiwe kisu chake, James anakataa, naye anapanda ngazi kuingia motoni. Mji wa aina hiyo humwadhibu mtu kwa kadiri anavyojiona mkosaji, hata kama hakukosa kiasi hicho. Na anayejilaumu kuliko wote, mara nyingi sana, ni yule aliyedhulumiwa. Kwa upande mwingine yuko Eddie, kijana aliyechekwa maisha yake yote, ambaye anaua na kueleza kila mara kwamba wao ndio walioanza. Nafsi yake haina lawama ya kumtosha. Ukiiachia nafsi peke yake kiti cha hakimu, Angela anaungua na mtu sugu anatoka akipiga mluzi. Hiyo siwezi kuiita kina.

Laura ndiye anayenirudisha kwenye kitabu cha fiqhi. Ni msichana wa miaka minane aliyejuana na Mary hospitalini, na anatembea mji uleule bila kuona zimwi hata moja. Anamkanyaga James mkono, anamfungia mlango, anakimbia zake. Kwetu kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abalehe, haandikiwi dhambi, na watengenezaji wameichora kanuni hiyo vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza. Lakini Alessa naye alikuwa mtoto, mdogo kuliko Laura kwa mwaka mmoja, na kalamu yake ilikuwa imeinuliwa vilevile. Utoto unamkinga mtu na hukumu. Na dhuluma ya wakubwa haumkingi. Gemu la pili peke yake litakuacha uamini kwamba asiye na hatia hupita salama kwenye mji huo. Ni la kwanza linalokanusha. Ndiyo maana namwambia kila anayetaka kuanza na la pili, hasa baada ya kutengenezwa upya mwaka 2024: anza na la Alessa, hata kama picha zake zimechoka.

Linabaki swali la James. Wanazuoni wametutajia masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia. Kosa likiwa dhidi ya binadamu linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. James anajuta, hilo halina shaka. Anafikia hata kuwaambia wanyongaji wa kichwa cha piramidi, ambao mwishoni wanakuwa wawili, kwamba alikuwa dhaifu, ndiyo maana alihitaji mtu wa kumwadhibu, na wao wanajichoma kwa mikuki yao na kufa, kazi yao imekwisha. Lakini mwenye haki ni Mary, na Mary hayupo. Katika mwisho unaoitwa Leave anaongea naye kitandani, naye anamwambia maneno ya upole na kumpa barua. Je, huyo ni Mary? Mji ule umemtengenezea James kila kitu kutoka kichwani mwake, hata Maria. Radhi unayojitungia mwenyewe haina mtoaji.

Aliyedhulumiwa akifa, haki ya damu yake inawaendea walio wake. Na Mary, katika barua aliyomwachia Laura, alisema alitamani kumlea awe binti yake. Kisheria mtoto huyo si mrithi, lakini katika mji mzima hakuna aliye karibu zaidi na kuwa mtu wake. Kumbuka pia kilichotokea mle chumba namba 312 baada ya mkanda kwisha: Laura anaingia, na James anamwambia kwa kinywa chake kwamba alimwua Mary. Mtoto anampiga ngumi, anamwita muuaji, anataka Mary arudishwe, anakimbia. Katika gemu zima ndiyo mara pekee James anakiri mbele ya mtu aliyepungukiwa kweli na kitendo chake.

Kisha, ukiupata mwisho wa Leave, unawaona wawili hao wakiondoka pamoja kupita makaburini. Mpwa wangu aliushangilia. Nilimwuliza amesamehewa lini, akasema labda walizungumza njiani. Labda. Gemu limetupa saa nzima za korido na milango isiyofunguka, na mazungumzo hayo hayamo. Wangepunguza korido mbili wakayaweka, ningewaruhusu wachukue na panga la mnyongaji.