Kaburi la Kwanza

Ni nani anayestahili kuitwa wa kwanza kuzikwa mahali? Swali hili hunijia kila nisikiapo makaburi ya wamisionari wa pwani ya Kenya yakiitwa makaburi ya waanzilishi.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosina. Mwezi Julai homa iliwalaza wote wawili. Rosina alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama akafa, na mtoto akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi kuanza. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Simlaumu mtu kuupa msiba wake maana. Asipofanya hivyo atauvumiliaje? Lakini nchi ile ilikuwa na wenyewe. Wamijikenda walikwisha kuzika wazee wao katika misitu ya kaya kwa vizazi vingi, na Wagiriama walisimamisha vigango vya mbao kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Mbao huoza, jiwe hudumu, na msomaji huanza kuhesabu pale anapokuta maandishi. Tena vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo. Nani angethubutu kuliuza jiwe la Rosina?

Heshima kwa wafu haina budi kuwa moja. Avuaye kofia mbele ya jiwe la mgeni, na aivue pia mbele ya kigango cha mwenyeji, aliyetangulia kulala pale.