Atukute Tukigawa Chakula

Maandiko: Mathayo 24:36–46, 1 Wathesalonike 4:13–18, 2 Wathesalonike 2:1–3 na 3:6–13



Jumatano iliyopita, baada ya somo la Biblia, ndugu wawili walibaki nje wakibishana. Mmoja anasema kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu. Mwingine, ambaye alilelewa kanisa lingine, anasema hapana, tutapita kwenye dhiki kwanza ndipo Bwana aje. Waliondoka bila kupeana mkono. Halafu mama mmoja akanifuata pembeni, akaniuliza, "Pasta, kama Yesu yuko karibu hivyo, kuna haja gani niuze mbuzi nimpeleke mtoto sekondari?" Hakuwa anatania. Ndiyo maana leo nimeleta neno hili.

Tuanze na huo mpangilio. Wako wanaoamini unyakuo kabla ya ile miaka saba ya dhiki. Wanasimama kwa 1 Wathesalonike 5:9 na Ufunuo 3:10. Mimi ni mmoja wao, na hapa kwetu ndivyo tunavyofundisha. Lakini tuwe wakweli: mpangilio huu, jinsi tunavyoujua, ulienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kisha ukasambaa sana kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909. Wako wanaosema ni katikati ya dhiki, baada ya miaka mitatu na nusu. Wako wanaosema ni baada ya dhiki, na ukisoma Mathayo 24:29–31 utaona kwa nini wanasema hivyo.

Tena kuna ile miaka elfu ya Ufunuo 20. Sisi tunaamini Yesu atarudi kwanza, kisha atawale miaka elfu hapa duniani. Wengine wanasema miaka hiyo ni mfano wa wakati huu wa kanisa. Usiwacheke. Agostino alifundisha hivyo, naye alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo, katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria. Alikufa mwaka 430.

Sasa sikilizeni yale ambayo hawa wote wanakubaliana. Yesu atarudi yeye mwenyewe. Wafu watafufuliwa. Kila mtu atatoa hesabu. Na siku yenyewe hakuna aijuaye. Haya manne ndiyo nguzo za nyumba. Huwezi kumkosanisha ndugu yako na wewe kwa sababu ya ratiba, na nyinyi wote mnamngoja Bwana mmoja.

Wapendwa, nina jambo la kutubu mbele yenu. Mwaka 2019, wakati wa usajili wa Huduma Namba, nilisimama hapa nikasema ile ni chapa ya mnyama. Nilikuwa nimesikia tu kwa watu, sikuchunguza. Watu wakapiga makofi, na mimi nikafurahi. Baadaye nikagundua bibi mmoja wa kanisa letu aliogopa kila karatasi ya serikali, hata kujiandikisha kwa pesa za wazee alikataa. Mwaka ule wa kiangazi alilala njaa kwa sababu ya mahubiri yangu. Nilienda nyumbani kwake nikamwomba msamaha. Leo nauomba kwenu.

Hofu ya siku za mwisho ni moto, wapendwa. Sote tunakumbuka Shakahola, hapo tu kaunti jirani ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika ule msitu, na wengi walikuwa watoto. Waliambiwa wafunge mpaka wafe, ili wakutane na Yesu. Mambo ya mahakama tunaiachia mahakama. Lakini sisi wa kanisa lazima tujiulize: mbona watu waliosoma Biblia kama sisi walifika pale? Hawakufika siku moja. Walianza kwa kuambiwa shule haina maana, hospitali haina maana, kazi haina maana, kwa kuwa mwisho umefika.

Wathesalonike nao walisikia uvumi kwamba siku ya Bwana imeshafika. Paulo akawaambia wasitikiswe. Kisha, katika barua hiyo hiyo, akawakemea walioacha kazi na kukaa bure. Na alipofundisha habari ya kunyakuliwa, alimalizia kwa kuwaambia wafarijiane. Wafarijiane, si watishane! Hicho ndicho kipimo. Mhubiri akikufundisha siku za mwisho na wewe ukaondoka umeshindwa kupenda, kufanya kazi na kulisha watoto wako, huyo mkimbie.

Soma tena Mathayo 24, sura ile ile tunayoipenda kwa vita na matetemeko. Inakaribia kwisha kwa habari ya mtumwa mwaminifu. Bwana wake anapokuja anamkuta akifanya nini? Hajapanda mlimani kuhesabu siku. Anawapa watu wa nyumbani chakula kwa wakati wake! Huyo ndiye aliyeitwa heri.

Kwa hiyo mama yangu, uza mbuzi, mpeleke mtoto shule. Bwana akija kabla hajamaliza, atamkuta mtoto darasani na wewe ukirudi kutoka silanga na mtungi wako kichwani, na nyote mko tayari. Akikawia, mtoto atakuwa amesoma. Hujapoteza kitu.

Na nyinyi ndugu zangu wawili, mnajijua. Leo ibada ikiisha, njooni hapa mbele mshikane mikono. Tutaujua mpangilio wote tukifika.

Tuombe: Bwana Yesu, tunangoja kuja kwako. Tuondolee hofu na kiburi. Ukija usiku au mchana, utukute tukipendana, utukute tukigawa chakula. Amina.