JUMATANO: Ishmaeli Kwenye Kaburi la Baba Yake

Soma Mwanzo 21:8–14 na 25:5–10. Ishmaeli alikuwa na sababu gani za kutokwenda kumzika Ibrahimu?

Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, akafa akiwa na miaka 175. Kwa hiyo aliyesimama penye pango la Makpela alikuwa mzee wa miaka 89. Alipotolewa nyumbani alikuwa kijana tu, pamoja na mama yake, wakiwa na mkate na kiriba cha maji yaliyowaishia njiani. Kati ya siku hizo mbili Biblia haitaji hata mara moja kwamba baba na mwana walionana. Wala hakurudi kwa ajili ya urithi, kwa maana mali yote ilikwisha kuwa ya Isaka.

Wapo washiriki wanaomwelewa Ishmaeli kuliko wahubiri wanavyodhani. Mwezi wa Desemba, mabasi ya kwenda Same, Musoma na Kisii yanapojaa watu wanaorudi kwao, mtu aliyekataliwa na baba yake hubaki mjini. Baba huyo akifa kabla hawajapatana, msiba wake ni mgumu kuueleza. Watu humpa pole kwa kufiwa na mzazi mwema, naye analia kwa ajili ya baba ambaye hakuwahi kuwa naye. Wengine hawalii kabisa, kisha hujilaumu kwa kutolia.

Tena ipo hofu ya radhi. Aliyefiwa huambiwa kwamba mzazi amekufa na kinyongo, na kwamba asipokwenda kaburini kumwomba msamaha, laana itawafuata watoto wake. Hapa Neno liko wazi. Mhubiri 9:5, 6 huonyesha kwamba aliyekufa hana fahamu, na kwamba upendo wake na chuki yake vimekoma. Baba hawezi kulaani kutoka mavumbini. Hawezi kubariki pia, wala kusema lile neno moja ambalo mwana alilingojea maisha yake yote, na hilo ndilo linalouma hasa. Lakini Mungu yu hai. Yale ambayo hayakusemwa yaweza kupelekwa kwake, hata yakiwa ya hasira, kama zaburi nyingi zinavyofanya.

Amri ya tano haimtaki mtu aseme uongo juu ya mzazi wake. Musa hakuificha asubuhi ile ya kiriba. Hakuficha pia kwamba jambo lile lilimwuma sana Ibrahimu (Mwa. 21:11), jambo ambalo huenda Ishmaeli hakulijua kamwe.

Jina lake maana yake ni Mungu husikia. Miaka mingi kabla ya mazishi, Mungu aliisikia sauti ya kijana yule kichakani, akamwonyesha Hajiri kisima, akawa pamoja na mwanawe alipokuwa akikua katika jangwa la Parani (Mwa. 21:17–21). Ishmaeli hakufika Makpela akitafuta wa kumlea. Alikuwa amekwisha kulelewa. Alifika, akashika kazi ya kuzika pamoja na mdogo wake.

Katika darasa lenu, ni nani atakayebaki peke yake likizo hii kwa sababu ameachana na wazazi wake, au wamekufa bila kupatana naye? Ni maneno gani ya pole ambayo afadhali msimwambie?