Kiza cha Pembezoni mwa Picha

Je, mpiga picha aweza kusema uongo asipoongeza kitu wala kubadili sura ya mtu? Swali hili lamfaa kila mwenye picha ukutani kwake, maana picha nyingi zina nuru katikati, na pembezoni zafifia.

Kufifia huko pengine ni kazi ya kioo chenyewe. Nuru iingiayo kamera kwa mshazari hupungua. Ikija kwa pembe ya nyuzi 45, ifikayo ni kama robo tu ya ile ya katikati. Tena bomba lishikalo vioo huzuia sehemu ya nuru ya kandoni, kama aonavyo mtu achunguliaye ndani ya kipande cha mwanzi. Lenzi aliyoibuni Joseph Petzval mjini Vienna mwaka 1840 ilisifiwa kwa picha za nyuso, kwa kuwa ilipokea nuru nyingi kuliko za kabla yake. Lakini picha ilikuwa dhahiri katikati tu. Hapo hapana dhambi. Kioo hakina hila.

Pengine ni kazi ya mkono. Wapiga picha wa karne ya 19 walikata tundu la mfano wa yai katika karatasi ngumu, wakaiweka mbele ya nuru walipochapa picha, ili uso utokee na mengine yote yayeyuke katika weupe. Jina la kazi hiyo kwa Kifaransa maana yake ni mzabibu mdogo, kwa ajili ya matawi ya mzabibu yaliyopamba kurasa za vitabu vya kale. Jina zuri, lakini mzabibu huo huficha mengi: kiti cha kuazima, ukuta uliopasuka, mikono iliyochakaa kwa jembe.

Wako wasemao kwamba huo ni uongo. Mimi sikubali. Ukingo uliofifia wakiri wazi kuwa kuna kitu kimeachwa. Mkasi ndio mwongo, maana humkata ndugu aliyesimama kando, na ukingo hubaki umenyooka kana kwamba hakuwapo kamwe.

Neno zito zaidi liko katika picha za watu wengi. Desturi yetu ni kuwaketisha wakubwa vitini katikati, na wadogo na maskini kuwasimamisha kandoni, mahali ambapo nuru ni haba. Mama wa mtoto wa mwisho upande wa kushoto aipatapo picha, kidole chake huanzia pale pale penye kiza. Kioo kilipunguza nuru, lakini ni sisi tuliochagua atakayepungukiwa.

Kamera za siku hizi huweza kukadiria upungufu huo na kuusahihisha. Hata hivyo dawa ya zamani ingali yafaa: mpiga picha arudi nyuma, kisha apunguze tundu la lenzi, ili bomba lisizibe tena nuru ya kandoni. Ila nuru yote ikiwa kidogo, lenzi hukaa wazi muda mrefu zaidi. Na muda huo wote walioketi vitini hawana budi kutulia, wasigeuke wala kutikisika, hata wale wa pembezoni wapate nuru yao.